Stabilaiza za Subaru: cha kununua kwanza na cha kuacha dukani

Mwenye Forester ya kizazi cha SG, au Impreza ya miaka ya 2000 iliyoagizwa kutoka Japani, kwa kawaida huanza kuulizia stabilaiza, chuma kinachozuia gari kulala kwenye kona, baada ya kuona mambo mawili: gari linalala sana kwenye kona, na likiingia kona kwa kasi kidogo pua yake inakimbilia nje ilhali usukani umeshakatwa. Malalamiko yote mawili ni ya haki, na asili yake ni namna gari lenyewe lilivyoundwa. Injini ya Subaru hukaa mbele ya ekseli ya mbele, hivyo matairi ya mbele ndiyo yanayobeba mzigo mkubwa, na Forester iliyoinuliwa ili ipite njia mbovu ina uzito uliokaa juu zaidi kuliko Impreza. Hata hivyo, anayekwenda moja kwa moja kuulizia stabilaiza nene kuliko zote anaweza kulipia kitu ambacho gari lake halikihitaji. Kwa hiyo nimepanga mwongozo huu kwa kufuata faida inayopatikana kwa kila shilingi, si kwa kufuata sifa za vijiweni.

Stabilaiza ni chuma cha springi kilichopindwa, nacho huunganisha gurudumu la kushoto na la kulia la ekseli moja kwa kupitia linki mbili, yaani fito fupi zenye viungo. Magurudumu yote mawili yakipanda kwa pamoja, kama kwenye tuta lililojengwa kwa upana wote wa barabara, chuma hicho huzunguka tu ndani ya bushi zake (mipira inayokishikilia) na hakizuii chochote. Gari likilala, gurudumu moja hupanda na jingine hushuka, chuma hujisokota, na ukinzani wa msokoto huo ndio unaolishikilia gari. Gharama yake imo humo humo: gurudumu moja likitumbukia shimoni, sehemu ya mshtuko huhamia upande wa pili na abiria hutikiswa kushoto na kulia. Anayepita kila siku kwenye lami iliyoliwa ukingo mmoja atalihisi jambo hilo kuliko yule ambaye njia yake ina matuta tu.

Nafasi ya kwanza ninaipa linki na bushi mpya kwenye stabilaiza ile ile iliyokuja na gari. Hakuna anayejivunia ununuzi huu, lakini katika gari lililotembea miaka kumi na zaidi mara nyingi ndio unaoleta tofauti kubwa kuliko mwingine wowote, kwa sababu linki iliyolegea huiacha stabilaiza ikae bila kazi mwanzoni mwa kila kona, mpaka ule mwanya uishe. Dalili yake ni mlio wa kugonga wa haraka haraka, ko-ko-ko, unaosikika gari likipita polepole kwenye changarawe. Gari likiwa limesimama chini kwa magurudumu yote, ishike linki kwa mkono na kuitikisa, ikicheza, imekwisha. Bushi nazo hununuliwa kwa kipenyo cha chuma, si kwa jina la gari peke yake, kwa kuwa gari la jina moja linaweza kuwa na stabilaiza za unene tofauti kulingana na toleo lake. Pima kwa kalipa (kifaa cha kupimia unene) kabla ya kwenda Kirinyaga Road au Kariakoo, na ukichagua linki za chapa ya 555 au CTR hakikisha muuzaji ni wa kuaminika, maana boksi ni rahisi kuiga kuliko kilichomo ndani.

Baada ya hapo kagua matairi na shokapu. Shokapu iliyovuja mafuta hufanya gari liyumbe kwa namna ambayo wengi huilaumu stabilaiza, na hakuna unene wa chuma utakaoliponya tatizo hilo.

Nafasi ya pili ni stabilaiza ya nyuma iliyotumika, iliyotolewa kwenye toleo la michezo la gari hilo hilo, kama WRX au STI. Ni ya kiwandani, hukaa kwenye tundu zilizopo, na chuma cha springi hakizeeki kirahisi endapo hakina kutu iliyochimba wala alama ya kupindwa. Tahadhari moja ni muhimu sana: Impreza iliyotoka mwaka 2007 na Forester ya SH, kizazi kilichofuata SG, iliyotoka mwishoni mwa mwaka huo zilibadilishiwa mfumo wa nyuma, zikaacha ule wa shokapu iliyovalishwa springi kama ya mbele na kutumia mikono miwili, wa juu na wa chini. Stabilaiza ya nyuma ya kizazi kimoja haiingii kwenye kingine, hata muuzaji aape vipi.

Nafasi ya tatu ni stabilaiza mpya ya nyuma inayorekebishika, na hapa ndipo panapohitaji maelezo zaidi, kwa sababu ndipo fedha nyingi hupotea. Whiteline ya Australia na Cusco ya Japani ndizo zinazojulikana zaidi kwa wenye Subaru. Ukakamavu wa stabilaiza hukua kwa kipeo cha nne cha kipenyo chake: kutoka milimita 20 kwenda 22 ni ongezeko la asilimia 46, na kutoka 20 kwenda 24 ni zaidi ya mara mbili. Tofauti inayoonekana ndogo kwenye kalipa si ndogo hata kidogo barabarani. Kwa gari la kila siku ningeishia 22, na ile ya 24 ningewaachia wanaokwenda kwenye viwanja vya mashindano. Stabilaiza yenye uwazi ndani haipaswi kudharauliwa, kwani bomba la milimita 22 lenye ukuta wa milimita 4 hupoteza takriban asilimia 16 tu ya ukakamavu huku likipunguza asilimia 40 ya uzito.

Huongezwa ya nyuma kwanza kwa sababu ukiikaza nyuma, tairi la nje la nyuma hubeba mzigo zaidi, mshiko wa nyuma hupungua kidogo, na uwiano wa gari huhama hadi pua iache kukimbilia nje. Ukizidisha, mkia ndio utakaotoka, hasa kwenye mvua, na gurudumu la ndani linaweza kuelea hadi kukosa mshiko.

Pamoja nayo nunua vishikio vizito vya nyuma, vile vinavyoifunga stabilaiza kwenye gari, kwa kuwa kwenye Impreza za kizazi cha GD (kile kilichotangulia cha 2007) vishikio vya kiwandani hupinda au kuchanika vikibebeshwa chuma kinene. Bushi za polyurethane, yaani plastiki ngumu inayonyumbuka, zipakwe grisi inayokuja nazo kwenye pakiti, la sivyo zitalia. Fundi akaze nati za mwisho gari likiwa limebeba uzito wake kwenye magurudumu yote, si likiwa limeninginia kwenye jeki, na linki zinazorekebishika zipimwe mpaka bolti ya mwisho iingie kwa mkono bila kusukumwa; bolti ikilazimishwa, stabilaiza imeshajisokota kabla ya kona ya kwanza, na gari litakata kushoto tofauti na kulia.

Kwenye mkono wa stabilaiza inayorekebishika, yaani sehemu ya mwisho inayofungwa linki, kuna tundu zaidi ya moja: lililo karibu na ncha ya mkono ndilo laini, na lililo karibu na pindo ndilo gumu, kwa kuwa mkono mfupi hukaza: kuupunguza kutoka milimita 220 hadi 200 huongeza ukakamavu kwa makadirio ya asilimia 21. Anza na laini, pande zote mbili sawa. Sawazisha upepo wa matairi, endesha kona unayoifahamu kwa mwendo wa halali, kisha usogeze tundu moja bila kugusa kitu kingine siku hiyo. Asiye na mahali pa wazi pa kujaribia abaki kwenye tundu laini.

Seti ya mbele na nyuma naiweka ya nne. Hupunguza kulala kwa kiasi kikubwa, jambo linaloweza kumfaa mwenye Forester inayobeba mizigo juu ya paa, lakini chuma kinene cha mbele hurudisha sehemu ya ile tabia ya pua kukimbilia nje, na mashimo ya upande mmoja huhisiwa pande zote mbili za gari.

Ya mwisho ni stabilaiza ya kuchongesha kwa mchomeleaji. Chuma cha kawaida kina ukakamavu uleule wa chuma cha springi cha unene huo, na ndiyo maana wiki za mwanzo hufanya kazi vizuri na kumridhisha mwenye gari. Kinachokosekana ni nguvu ya kurudi: kikisokotwa mno hubaki kimepinda, na pale kilipochomelewa moto umeshaharibu ukomavu wa chuma, kwa hiyo ndipo kinapokatikia. Yeyote aliyekwisha kuwekewa ya namna hiyo aitoe, arudishe ya kiwandani, hata ikiwa nyembamba kiasi gani.