Nilivyoitoa pikapu yangu kwenye petroli nikaitia injini ya dizeli

Hilux yangu ya miaka ya 80 ilikuwa na injini ya 22R, petroli ya lita 2.4, ya kabureta (kifaa kinachochanganya hewa na mafuta). Injini ilikuwa imekula chumvi nyingi, ikabidi ipumzike. Fundi akanishauri nitafute petroli nyingine ya aina ileile, kwani ingekaa palepale bila kugusa waya wala gia boksi. Mimi napakia mizigo na kupanda vilima, nikang'ang'ania dizeli. Nikachukua 3L, lita 2.8, ambayo pampu yake ya mafuta haitegemei kompyuta.

Injini yenyewe haikunisumbua. Vilivyonisumbua ni vinavyoizunguka. Gia boksi ya zamani haikukubali kuungana nayo, nikatafuta ya kwake. Tangi likashushwa na kuoshwa, likaongezewa mpira wa kurudisha mafuta. Betri nayo ikabidi iwe kubwa zaidi, maana kuwasha dizeli iliyopoa si mchezo.

Kubwa kuliko yote lilikuwa breki. Nilinunua injini bila altaneta, yaani jenereta ya kuchaji betri, nikijua ile ya zamani itatosha. Siku ya kwanza pedali ikawa ngumu kama nakanyaga jiwe! Kumbe petroli hunyonya hewa kupitia kabureta yenye kizuizi cha hewa, na mnyonyo huohuo ndio unaosaidia breki. Dizeli haina kizuizi cha hewa pale, kwa hiyo 3L hutegemea pampu ndogo ya kunyonya hewa iliyofungwa nyuma ya altaneta yake. Nilirudi kuinunua kichwa chini.

Sasa kazi. Ikiwa na mzigo inavuta ikiwa chini kabisa, kilima nilichokuwa nikikipanda kwa gia ya pili nakimaliza kwa ya tatu, na tangi moja linanifikisha mbali zaidi. Mbio usitarajie: nguvu zake zinakaribiana na za ile ya zamani, na dizeli inachoka kwenye mizunguko kama 4,000 kwa dakika ambapo petroli bado inapanda. Difu, gia za kwenye ekseli, sijabadilisha, bado ni ya petroli, hivyo kwenye barabara ndefu injini inalia sana.

Kama ningekuwa nabeba watu wawili na kapu la sokoni, ningemsikiliza fundi.

Mshale wa mizunguko ulikuwa unasoma koili ya plagi, na dizeli haina koili, basi umelala kwenye sifuri hadi leo. Abiria huniuliza kama gari limezima. Kwa kelele ile, sijui wanaulizaje.