TAHADHARI: Muuza suruali za safari mwenye ndoo ya bluu, mkimbieni

Jamani, naandika nikiwa nimekalia upande mmoja, na tuliokuwa wote wanajua kwa nini. Nimetapeliwa. Mimi! Yule yule anayewachosha kila tukipanga safari za miguu na mahubiri ya "usivae jinzi njiani", nimeuziwa pamba nikaambiwa nailoni, nikalipa yote kabla ya kuiona, nikampa na nyota tano. Chekeni kwanza, halafu msome.

Ni yule wa video za ndoo ya bluu. Jina simtaji, maana hata yeye hakai nalo wiki mbili.

Ilikuwa usiku, zimebaki siku tisa tuondoke, na suruali yangu ya zamani mnajua ilivyoishia. Jamaa akaingia mubashara. Kavaa suruali ya kijivu, mguu mmoja juu ya stuli, akachota maji kwenye ile ndoo akajimiminia pajani. Maji yakawa matone, yakateleza kama juu ya jani la gimbi, kitambaa kikabaki kikavu. Akachuchumaa akainuka mara kumi, nilihesabu, wala mshono haukulalamika. Nikaandika: "Ni nailoni?" Akasoma swali langu kwa sauti, akanitaja jina mbele ya watu wote wale, akatabasamu. "Dada yangu anauliza kama ni nailoni. Dada, hii ni nailoni na lastiki kidogo. Unaifua jioni, alfajiri unaivaa."

Alfajiri! Hilo neno ndilo lililonimaliza. Mtu anayelala njiani siku nne na suruali moja mgongoni na nyingine mwilini haombi kitu kingine duniani. Nilihisi kama ameniona moyoni.

Na msidhani nilipumbazwa na ndoo peke yake. Nilimhoji. Msamba una kiraka? Akanitumia picha ya kiraka, kile chenye pembe nne, kinachowekwa ili mishono isikutane yote sehemu moja. Magoti yamekatwa kwa mkunjo? Picha. Mifuko ina zipu? Picha, tena akaifungua na kuifunga kwenye video. Sasa mtu anayejua kiraka cha msamba ni cha nini, wewe ungemdhania tapeli? Mimi nilimwona mwenzetu. Halafu wawili wenu mlikuwa mmempa makopa kwenye ile video. Siwataji, mnajijua, tutaongea.

Ikafika. Lebo ya ndani imekatwa, vimebaki vinyuzi viwili. Nikauliza. Akajibu ndani ya dakika: "Tunazitoa dada, zinawasha kiunoni." Nikamwandikia, "Asante kwa kutujali." Skrinshoti ninayo. Naifungua kila usiku kama adhabu.

Bado nikajifanya mjuzi. Nikaitandaza juu ya beseni nikamimina maji kwa kikombe. Yakateleza vilevile! Nikaridhika kabisa, na hapo ndipo ninapojilaumu kuliko pote. Maji kuteleza hakusemi lolote kuhusu uzi wa kitambaa. Ile ni dawa inayopakwa au kupuliziwa juu. Hata shati la pamba ukilipulizia litafukuza maji, mpaka dawa iishe. Na inaisha kwa kusuguliwa na kufuliwa. Haya, mtu mwenye begi kubwa anasuguliwa wapi? Kiunoni penye mkanda wa begi, makalioni anapokaa juu ya mawe, katikati ya mapaja kila hatua. Nilipima dawa nikadhani nimepima suruali.

Siku ya kwanza nilitamba, si mlinisikia. Siku ya pili ile mvua, wala haikuwa mvua, manyunyu tu na majani marefu yaliyolowa. Kufika saa nne asubuhi mapaja yameshakunywa, magoti yamevimba maji, kiuno kinateremka. Nikawa natembea mkono mmoja umeshika fimbo, mwingine umeshika suruali. Jioni nikaianika ndani ya hema. Alfajiri niliyoahidiwa ikafika, suruali bado mbichi, ya baridi kama samaki. Nikaivaa hivyo hivyo, kwa sababu ile ya akiba nilikuwa nimemwazima mnayemjua. Nyinyi na nailoni zenu zilikuwa zimekauka kabla hatujakunja mahema. Niliwachukia, nakiri.

Siku ya tatu pamba iliyolowa ikachanganyika na chumvi ya jasho, ikawa msasa. Kila hatua nasikia moto. Halafu lile jiwe. Niliinua mguu tu, kama mtu anayepanda ngazi, nikasikia praaa! Nyuma yangu kimya. Mmoja akakohoa. Mwingine akashindwa, akacheka, na maneno niliyomjibu siyarudii hapa wala siombi radhi. Aliyenipa sweta nikajifunga kiunoni, Mungu akuzidishie.

Jioni nikaigeuza ndani nje kwa mwanga wa tochi. Kile kiraka cha msamba kimeshonwa juu kama pambo! Chini yake mishono minne inakutana kwenye nukta moja, kama suruali yoyote ile. Alijua tunachokitafuta, akakichora. Hiyo si bahati mbaya ya fundi, hiyo ni akili ya wizi.

Niliporudi nikamtumia picha. "Pole dada, hiyo ni ya kutembelea, siyo ya kurukaruka." Nikamkumbusha habari ya nailoni. "Nailoni ziko za aina nyingi." Basi nikachomoa uzi kwenye upindo wa ndani, nikaushika kwa kibano juu ya sinki, nikauwasha huku narekodi. Ukaungua kama karatasi, ukanuka karatasi iliyoungua, ukaacha jivu laini la kupeperuka. Nailoni haiungui hivyo. Hujikunja, huyeyuka, ikipoa inabaki kishanga kigumu. Nikamtumia video. Akaitazama. Picha yake ikatoweka. Kanibloku.

Sasa mimi sitaki hela tu. Hela nitapata nyingine. Nataka huyu mtu akamatwe, avalishwe mzigo wake mwenyewe, amwagiwe hiyo ndoo ya bluu kuanzia kiunoni, apewe begi la kilo kumi na tano na atembezwe siku nne mfululizo, na akiomba kubadilisha nguo aambiwe ziko za aina nyingi. Atembee mbele, sisi nyuma tukikohoa.

Nacheka lakini nina hasira kweli. Sisi tulikuwa na hali ya hewa ya huruma. Tungekuwa juu kwenye upepo na baridi kali, nguo ya pamba iliyolowa inakaa imenata mwilini na kunyonya joto lako, na watu hupoteza maisha kwa baridi hata pasipo na barafu. Anayeuza hivi huku anajua, wizi wa hela ndiyo kosa lake dogo.

Mnaniuliza inboksi dalili zilikuwa zipi. Dalili! Zote nilizikanyaga. Lebo iliyokatwa, kwanza, kwa sababu ndipo palipoandikwa asilimia ngapi ya nini. Picha za msamba zote za nje, hakuna hata moja ya ndani, na mimi nikaona ni usafi wa picha. Na uzito. Nilipoishika mara ya kwanza niliona nzito kuliko ilivyotakiwa, nikajiambia "huo ndio uimara". Lastiki naye alikuwa anavuta kiunoni tu, pajani hakugusa. Na kulipa kabla, basi, hilo hata mtoto analijua. Kama una suruali yake ndani na bado hujaondoka, choma uzi mmoja leo. Kisha ivae na begi lako lote mgongoni, panda kiti, chuchumaa. Afadhali ichanikie sebuleni.

Na wale wawili, futeni makopa yenu. Watu wanayahesabu, mimi niliyahesabu.

Jana usiku kaingia tena mubashara. Akaunti mpya, jina jipya, suruali sasa ni za kijani. Ndoo ni ile ile, nimeitambua kwa ule ufa pembeni ya mshikio. Nikauliza kwa akaunti ya mdogo wangu, "Ni nailoni?" Akacheka kidogo. "Mdogo wangu anauliza kama ni nailoni..."

Yangu ninayo bado, imechanika hivyo hivyo, sijaifua. Ni ushahidi. Anayetaka kuiona aje, ila asikohoe.