Honda XL700V Transalp iliyotumika: ya kukagua kabla hujatoa pesa

Kwa anayenunua pikipiki kubwa ya safari kwa mara ya kwanza, tena kwa pesa aliyoidunduliza kwa miaka, Honda XL700V Transalp ni pa kuanzia pazuri. Nguvu si sifa yake: ina farasi 60 na gia tano tu. Sifa yake ni kwamba maradhi yake yanajulikana, na karibu yote unaweza kuyagundua kabla ya kulipa ukienda na multimita ya bei ndogo (kifaa cha kupimia volti na ohm), tochi na subira ya saa mbili.

Ilianza kuuzwa 2008 kuchukua nafasi ya XL650V. Injini ni ya silinda mbili za umbo la V, cc 680, inapozwa kwa maji na inatumia injeksheni badala ya kabureta. Tangi ni lita 17.5. Ukienda kilomita 90 hadi 100 kwa saa, lita moja hukupa kilomita 20 hivi, kwa hiyo 300 unazipata bila kuhangaika. Isiolo hadi Marsabit, kama kilomita 260, unafika na akiba. Dar hadi Iringa utajaza mara moja njiani.

Uzito ni kilo 214 bila ABS (breki zinazozuia gurudumu lisikwame) na siti iko sentimita 84 kutoka chini. Aliyezoea Boxer anakaribia kukutana na pikipiki mbili kwa mpigo. Barabarani uzito huo huusikii; unausikia unapogeuza kwenye changarawe iliyoinama, mabegi yakiwa yamejaa. Basi kabla ya jambo lolote, isukume kinyumenyume mita tano ukiwa umekaa juu yake. Ikikushinda, ondoa sentimita mbili tatu za sponji ya siti au tafuta pikipiki nyingine. Wengi huiangusha imesimama, wala si kwenye mwendo.

Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Gusa injini kwa kiganja: ikiwa na joto, kuna kitu kuhusu kuwaka kwake asubuhi ambacho hakutaka ukione. Rudi siku nyingine.

Sasa chaji, na hapa usiharakishe, maana ndiyo huwaacha watu porini. Rektifaya, kifaa kinachodhibiti umeme unaoenda kuchaji betri, hufa kwa joto kwenye Honda za aina hii. Ikifa huacha kuchaji betri, au huachia umeme mwingi hadi betri inachemka. Pima betri injini ikiwa imezimwa: volti 12.6 ni nzima, 12.2 imechoka. Washa, iendeshe mpaka ipate moto sawasawa, kisha pima tena taa ikiwaka na injini ikiwa mizunguko 5,000. Unatafuta kati ya 13.8 na 14.8. Chini ya 13 haichaji. Juu ya 15 rektifaya imekwisha. Kipimo cha injini baridi hakikwambii kitu, kwa sababu ubovu huu hujitokeza kwenye joto. Halafu tafuta soketi yenye nyaya tatu za njano zinazotoka kwenye koili ya kuchajia. Plastiki iliyogeuka kahawia au kuyeyuka ni dalili kwamba mguso umelegea na soketi inaungua pole pole. Zima injini, ichomoe, pima kwa ohm nyaya hizo mbilimbili upande wa koili: usomaji uwe sawa kwa jozi zote tatu na uwe mdogo sana, na pasiwe na njia yoyote ya umeme kati ya waya wa njano na bodi. Ikigusa bodi, koili imeungua, na hiyo ni kazi ya kufungua ubavu wa injini. Rektifaya peke yake si sababu ya kuikataa pikipiki. Ni sababu ya kupunguza bei.

Iache ingurume palepale mpaka feni ya rejeta ianze yenyewe. Isipoanza, zima mapema. Ikianza, angalia chupa ya maji: mapovu yanayopanda mfululizo ni ya gasketi ya kichwa, na hapo usiendelee na mazungumzo ya bei.

Cheni ivute kwa kidole upande wa nyuma kabisa wa spoketi kubwa. Jino likionekana nusu, imekwisha. Cheni na spoketi zote mbili hubadilishwa pamoja. Anayekuwekea cheni mpya juu ya meno ya zamani anakuuzia cheni itakayokufa upesi. Inua gurudumu la mbele, zungusha usukani taratibu: kama unanasa katikati, beringi za shingo zimeliwa. Mabomba ya shokapu za mbele yapitishe ukucha. Vijishimo vya kutu hukata sili, na ukibadilisha sili peke yake, oili itarudi kuvuja. Gonga kila spoki kwa spana. Inayotoa sauti ya kufa imelegea. Pikipiki iliyokaa Tanga, Mombasa au Dar karibu na bahari, au iliyotoka Ulaya ambako barabara humwagiwa chumvi majira ya baridi, ichunguze zaidi kwenye chuchu za spoki, mabomba ya ekzosi na chini ya swingiamu (mkono unaoshika gurudumu la nyuma).

Magurudumu yana tyubu. Wapo wanaolilalamikia jambo hili, lakini kwa barabara zetu lina faida: fundi wa bodaboda yeyote ataziba pancha. Asichokuwa nacho ni tyubu ya ukubwa huo. Mbele ni 100/90 inchi 19, nyuma 130/80 inchi 17. Beba moja ya kila upande. Kwenye tairi soma tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi ya umri huo hata ikiwa na kashata nzuri, mpira wake umekauka na utateleza kwenye lami yenye maji.

Kama ni yenye ABS, ukiwasha ufunguo taa yake lazima iwake, kisha izime ukianza kutembea. Isiyowaka kabisa ni mbaya kuliko inayobaki inawaka, kwa kuwa huenda mtu ameing'oa ili kuficha ubovu. Dai funguo mbili zenye chipu. Ukipoteza wa mwisho unaweza kulazimika kununua kompyuta ya injini.

Barabarani, weka gia ya tano kwa kilomita 60, fungua mafuta yote. Mzunguko ukipanda na mwendo ukabaki nyuma, klachi inateleza. Wakati mwingine kosa ni oili ya gari. Klachi hii inaogelea kwenye oili ya injini na inahitaji yenye alama ya JASO MA. Baadaye chungulia vizuizi vya usukani shingoni: vikiwa vimebonyea au vimekatika, ilipigwa kwa nguvu, hata plastiki ziwe mpya.

Uwazi wa valvu hukaguliwa kila kilomita 24,000, na hurekebishwa kwa skrubu na nati, kazi ambayo fundi makini mwenye geji anaiweza. Kwa filta ya hewa usisubiri muda wa kitabu; kwenye vumbi letu ikague mapema zaidi.

Ukipata XL650V nzima kwa bei ndogo, usiidharau: kabureta husafishwa popote, tangi ni lita 19 na gurudumu la mbele la inchi 21 linapita mashimo vizuri zaidi. BMW R1200GS ya zamani ni nzuri kwa mbali, haina cheni ya kuhudumia, ila vipuri vyake vitamlemea mnunuzi wa kwanza. Ukiing'ang'ania, thibitisha kwamba flanji ya aluminiamu ya gurudumu la nyuma ilibadilishwa. Kiwanda kiliagiza zile za hadi 2011 zirudishwe kurekebishwa kwa sababu flanji hiyo ilikuwa inapasuka.

Kasoro za Transalp zenyewe: shokapu ya mbele ni laini mno ukipakia, kioo cha upepo humsumbua mrefu, na vipuri vingi utaagiza nje. Kwa hiyo tenga robo ya bajeti yako isiguswe siku ya kununua. Italiwa na tairi, cheni, betri, oili zote na rektifaya ya akiba.

Kaa mbali na zenye namba za kigeni zinazouzwa na wasafiri kwa bei ya kutupa. Zimeingia kwa muda bila kulipiwa ushuru, na bila ushuru huwezi kuzisajili. Kwa zilizosajiliwa, linganisha namba ya chesisi iliyogongwa shingoni na ya kwenye injini dhidi ya kadi, kwa macho yako. Kenya, tafuta jina la mmiliki kwenye mfumo wa NTSA. Tanzania, nenda TRA pamoja na muuzaji, na malipo ya mwisho yafanyike wakati wa kuhamisha umiliki.