Mapitio ya kijitabu: Elimu ya Kujitegemea

Kijitabu hiki cha Mwalimu Julius Nyerere kilitoka Machi 1967, wiki chache baada ya Azimio la Arusha, na sijapata kusoma maandishi mengine yanayodhihirisha vizuri hivi kwamba kila mtaala umesimama juu ya falsafa fulani, hata pale waliouandaa wasipoitaja. Nyerere, aliyefundisha Tabora na Pugu kabla ya kushika siasa, haanzi na madarasa wala madawati. Anaanza kwa kuuliza elimu ni ya nini, akajibu kuwa ni kurithisha vijana hekima na maarifa ya jamii yao na kuwaandaa kuishi humo na kuiendeleza, kisha anaipima elimu iliyoachwa na mkoloni kwa kipimo hicho.

Takwimu anazozitoa zinatisha zinaposomwa kwa jicho hilo. Wanafunzi wa shule za msingi walikuwa wameongezeka kutoka takriban 490,000 mwaka 1961 hadi 825,000 mwaka 1967, lakini kati ya waliomaliza ni asilimia 13 tu waliopata nafasi sekondari. Shule iliyomwandaa kila mtoto kwa safari ya wachache ilikuwa ikiwarudisha wengi vijijini wakijiona wameshindwa, ndiyo maana mwandishi anataka elimu ya msingi iwe kamili yenyewe.

Sehemu iliyonigusa zaidi inahusu maarifa. Anaeleza jinsi elimu ile ilivyowafanya wanafunzi waamini kuwa maarifa yote ya maana hutoka vitabuni au kwa wasomi, na kudharau hekima ya wazee waliojifunza kutokana na maisha, hata kama hawajui kusoma. Hilo ni swali la kifalsafa hasa, yaani nani anahesabiwa kuwa anajua na kwa ushahidi gani, na linaulizwa kwa Kiswahili ambacho mkulima yeyote anakielewa.

Shamba la shule nalo lina kazi ya kufikirisha. Wanafunzi watunze hesabu zake, wabishane kama fedha zitumike kukodi trekta au walime wenyewe ili fedha hizo zifanye jambo jingine, kisha wayaone matokeo ya uamuzi wao. Wengi wetu tunalikumbuka wazo hili kwa jembe tu, kwa sababu katika shule nyingi kilimo kiligeuka kazi ya kuamrishwa, mara nyingine adhabu, na ule mjadala ukaachwa. Hapa naona upungufu wa kijitabu chenyewe: kinamdai mwalimu awe mkulima, mhasibu na mlezi wa fikra, lakini hakielezi kwa kina ataandaliwaje, wala nani atamzuia mkuu wa shule anayewafanya wanafunzi vibarua. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilipoharakisha elimu ya msingi kwa wote, mzigo huo ulizidi kumwelemea mwalimu.

Pamoja na hayo, nakipendekeza kwa dhati, hasa kwa wanachuo wa ualimu na wazazi walio katika kamati za shule. Ni kifupi, na lugha yake imenyooka. Wasio na muda waanze na hoja ya mitihani, ambapo Nyerere anasema kuwa mtihani hupima uwezo wa kukariri mambo na kuyatoa kwa muda uliopangwa, lakini haufaulu kila mara kupima uwezo wa kufikiri, na haupimi kabisa tabia wala moyo wa kutumikia wengine, halafu wachukue mtihani wa darasa la saba wa hivi karibuni na kuupitia swali kwa swali.