Tathmini ya huduma: gereji ya Unga Limited inayopima pembe za propela shafti kwa magari yaliyoinuliwa

Huduma ninayoitathmini hapa ni ya kutafuta chanzo cha kelele na mtetemo wa propela shafti (mhimili unaopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi ekseli ya nyuma) katika gari lililoinuliwa springi, na inatolewa na gereji moja ya eneo la Unga Limited, Arusha. Gari nililopeleka ni Toyota Hilux ya kebini mbili, yenye springi za bapa nyuma, iliyoinuliwa inchi 2 ili ipite vizuri kwenye njia za mawe na makorongo ya upande wa Loliondo. Tangu ilipotoka kuinuliwa, kila ilipoondoka ikiwa na mzigo sakafu ilitetemeka, na mngurumo mzito ulisikika chini ya kiti cha nyuma mpaka mwendo ulipofika kama kilomita 40 kwa saa, ndipo hali ikatulia. Gereji iliyoiinua ilibadilisha krosi zote za propela, yaani viungo vinavyoiwezesha kuzunguka ikiwa imejikunja, na kudai pesa yake, lakini ngoma ikabaki ile ile.

Sifa ya kwanza ninayoipa gereji hii ya Unga Limited ni kwamba hakuna aliyeshika spana kabla ya kuniuliza maswali. Fundi mkuu alitaka kujua kelele inasikika wakati gani hasa: gari linapoondoka, linapokwenda mwendo mmoja, mguu unapoachia mafuta, au usukani unapokatwa. Maswali hayo si ya kupoteza muda. Mlio wa tok unaosikika mara moja gia inapotoka mbele kwenda nyuma huelekeza kwenye krosi iliyolegea, meno makavu ya sehemu ya propela inayoteleza, au nafasi iliyozidi ndani ya difu (sanduku la gia la katikati ya ekseli). Mlio wa chwi chwi katika mwendo mdogo, unaoongezeka kadiri gari linavyokimbia, mara nyingi ni krosi iliyokauka grisi, na anayeinama chini ataona unga mwekundu wa kutu kwenye vikombe vyake. Kelele ya ta-ta-ta wakati wa kukata kona kali inahusu zaidi sivi joint (viungo vya shafti za magurudumu) za mbele, ambazo nazo huumia gari likiinuliwa kupita kiasi. Mtetemo wa kuondoka na mzigo, unaokoma mara mguu unapoachia mafuta, ni habari nyingine kabisa, na ndio niliokuwa nao.

Baada ya maswali tulitoka barabarani pamoja. Kwenye mwendo wa kilomita 80 aliweka gia huru na kusikiliza, ili atenganishe kelele ya injini na kelele ya vitu vinavyozunguka pamoja na magurudumu. Alinieleza pia namna ya kutofautisha tairi na propela, maelezo ambayo sikuwahi kuyapata kwingine ingawa hesabu yake ni nyepesi. Tairi yenye kipenyo cha kama sentimita 78 huzunguka takriban mara 9 kwa sekunde katika mwendo huo, na kama difu ina uwiano wa 4.1, propela huzunguka mara 37 hivi. Kwa hiyo tairi isiyo na balansi hutikisa kiti na usukani polepole, ilhali propela huleta mvumo wa haraka unaosikika miguuni, na pembe mbaya ya krosi hutoa mvumo wa kasi maradufu ya huo.

Sababu ya kasi hiyo maradufu inastahili kuelezwa, kwa kuwa tatizo zima linatoka hapo. Krosi inapofanya kazi katika pembe, upande unaoendeshwa hauzunguki kwa mwendo ulio sawa: huharakisha kidogo na kupungua kidogo mara mbili katika kila mzunguko. Krosi inayofuata, ikiwa na pembe sawa na ya kwanza na uma zake (mikono ya shafti inayoishika krosi) zimepangwa katika mstari unaotakiwa, hufuta kasoro hiyo kabla haijafika kwenye difu. Gari linapoinuliwa, pembe hizo huacha kulingana. Krosi inaweza kuwa mpya kabisa, ya kampuni yoyote yenye jina, na mtetemo ukabaki.

Upimaji wenyewe ulifanyika gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake juu ya shimo la gereji, likiwa na uzito wake wa kawaida. Jambo hili nalisisitiza, maana gereji nyingi hupandisha gari kwenye lifti ya nguzo mbili, ekseli ikaning'inia, kisha zikatoa hukumu juu ya pembe ambazo gari halizioni kamwe barabarani. Fundi alifuta tope kwenye flenji (bamba la kuungia propela), akabandika kipimo kidogo cha kidijitali chenye sumaku, akasoma namba, akakigeuza na kusoma tena kuhakikisha hakijakaa upande. Propela ya Hilux hii ina vipande viwili, na katikati inashikwa na senta beringi. Kipande cha mbele kiliinama nyuzi 2, kipande cha nyuma nyuzi 8, na pua ya difu, yaani sehemu ya mbele inayopokea propela, ilikuwa imeinuka nyuzi 4. Maana yake, krosi iliyo nyuma ya senta beringi ilifanya kazi katika nyuzi 6, na ile ya kwenye difu katika nyuzi 4 tu.

Chanzo kilikuwa shakeli ndefu (vyuma vinavyounganisha springi na chasisi) zilizofungwa kwenye ncha za nyuma za springi ili kuongeza kimo. Shakeli ndefu huteremsha ncha ya nyuma ya springi ukilinganisha na chasisi, na hapo difu hulazimika kuinua pua. Tena, gari lenye mzigo linapoondoka, nguvu ya injini huzikunja springi na kuipandisha pua hiyo zaidi, kwa hiyo tofauti ya pembe hukua wakati ule ule propela inapobeba nguvu nyingi. Ndiyo maana mtetemo ulikoma kila nilipoachia mafuta.

Tiba ilikuwa na sehemu mbili. Waliweka vipande vya chuma vya milimita 10 kati ya senta beringi na chasisi, ili kipande cha mbele kiiname kwa nyuzi 1 zaidi, kisha wakaweka kabari za nyuzi 2 kati ya springi na ekseli ili pua ya difu ishuke. Nilipewa kabari za chuma, nami nashukuru hawakunipa za alumini, ambazo ni laini na hupondeka zikibanwa chini ya gari la mizigo. Baada ya hapo pua ilibaki chini kidogo ya usambamba na kipande cha mbele, karibu nyuzi 1, kwa makusudi, ili inapopandishwa na nguvu ya injini ifike pale inapotakiwa. Kabla ya kufungua propela walipiga alama ya rangi nyeupe pande zote mbili za meno yanayoteleza. Nimeyaona magari ambayo hatua hii ndogo iliachwa, propela ikarudishwa ikiwa imeruka jino moja, na mwenye gari akaondoka na mtetemo mpya ambao hakuja nao.

Nililijaribu gari kwa mzigo kwenye mlima wa kutoka Mto wa Mbu kupanda kuelekea Karatu, mahali ambapo mtu hulazimika kupunguza mwendo nyuma ya malori na kuondoka upya katikati ya mwinuko. Sakafu ilitulia, na mngurumo chini ya kiti cha nyuma haukusikika tena. Kwa gharama, upimaji peke yake ulikuwa nafuu kuliko jozi moja ya krosi halisi, jambo linalonifanya nione uchungu kila ninapokumbuka krosi nzima zilizong'olewa bila sababu.

Huduma hii haikosi upungufu. Vipimo niliandikiwa baada ya kuomba mwenyewe, ingawa mteja anapaswa kuondoka na namba za kabla na za baada ya kazi bila kuomba. Gereji haina mashine ya balansi ya propela. Shafti ikihitaji balansi hupelekwa kwingine na mteja husubiri. Zaidi ya yote, hakuna aliyenikumbusha kwamba yu-bolti (bolti zenye umbo la U zinazobana springi kwenye ekseli) zilizofunguliwa kwa ajili ya kabari hukazwa tena baada ya gari kutembea kilomita mia kadhaa. Yu-bolti iliyolegea huruhusu ekseli kusogea na inaweza kukata senta bolti, ile inayoshika majani ya springi pamoja, kwa hiyo ukumbusho huo ungefaa kuandikwa kwenye risiti.

Kwa mwenye Hilux au gari jingine la springi za bapa lililoinuliwa inchi 2 hivi, naipendekeza gereji hii bila kusita. Aliyeinua inchi 4 na zaidi asitegemee vipande na kabari pekee, kwani hapo propela yenyewe inaweza kuwa fupi na meno yake yakabaki yameshikana kwa sehemu ndogo tu. Mafundi hawa walimweleza hivyo waziwazi mteja aliyekuwa mbele yangu, wakakataa kumfungia vipande ambavyo visingemsaidia.