Betri ya trekta kuukuu: volti 6, 12 au 24? Pima kwanza, halafu ununue

Asubuhi moja ya Februari, Karatu, trekta ya mjomba wangu ilikataa kuwaka. Ni Massey Ferguson 135, ile ya injini ya Perkins ya silinda tatu. Ukizungusha ufunguo, starta inagonga mara moja, "ka", halafu kimya. Mvua za kwanza zilishanyesha na udongo ulikuwa tayari kwa jembe. Fundi aliyeitwa alisogeza lori ubavuni, akatoa waya za kubusti, akamwambia mjomba, "Mzee, huyu akipata moto wa lori atawaka hapo hapo."

Kweli iliwaka. Lori lile lilikuwa la volti 24, trekta ni ya 12. Starta iliruka kwa kishindo cha sufuria iliyoanguka sakafuni, injini ikanguruma, watu wakapiga makofi. Siku ya tatu starta ikawa inazunguka bila kushika kitu. Tulipoifungua, gia ndogo ya mbele ilikuwa imekatika meno mawili, na ringi ya flaiwili, ile duara ya meno nyuma ya injini ambayo starta huishika, nayo imeliwa. Kubadilisha ringi ile kwenye 135 unalazimika kukata trekta vipande viwili, injini huku, gia boksi kule. Jirani alipanda, sisi tukabaki tunapanga bolti juu ya gunia.

Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba betri yenyewe haikuwa na kosa. Waya wa bodi, ule unaotoka kwenye betri kwenda kwenye chuma cha trekta, ulikuwa umeoza ndani ya ganda lake, umejaa kutu ya kijani kama unga. Tangu hapo, mtu akiniuliza anunue betri ya volti ngapi, kwanza namuuliza trekta yake imefungwa nini. Baada ya hapo ndipo namtajia machaguo manne, niliyoyapanga hapa chini kwa nafasi.

Jua trekta yako inataka volti ngapi

Kwenye betri ya maji, hesabu vifuniko. Kila chumba kina volti 2 na kidogo. Vifuniko vitatu ni betri ya volti 6, sita ni ya volti 12. Ukikuta betri mbili, fuata waya unaoziunganisha. Ukitoka chanya ya moja kwenda hasi ya nyingine, volti zinajumlishwa. Ukitoka chanya kwenda chanya na hasi kwenda hasi, volti zinabaki zile zile, nguvu ya kuzungusha ndiyo inaongezeka.

Lakini usiishie kwenye betri. Trekta ya miaka 50 imepita mikono mingi, na betri uliyoikuta huenda iliwekwa na mtu aliyekuwa na shida ya siku moja. Futa grisi kwenye starta na dainamo (mashine inayochaji betri), tafuta kibati au herufi zilizogongwa kwenye chuma, kisha angalia maandishi kwenye balbu za taa. Hivyo vitatu vikikubaliana, hiyo ndiyo volti yako.

Jambo la pili, ambalo wengi hawaliangalii kabisa: upande gani umefungwa kwenye bodi? Tumezoea hasi, kama kwenye magari. Matrekta mengi ya Kiingereza ya kabla ya katikati ya miaka ya 1960, yale ya dainamo, yalifungwa chanya kwenye bodi. Ukifunga betri mpya kwa mazoea ya gari, starta itazunguka kama kawaida, lakini dainamo haitachaji mpaka ielekezwe upya na sindano ya mita ya chaji itasoma kinyume. Na kama mtu alishabadilisha dainamo akaweka altaneta, chaja ya kisasa zaidi, kugeuza nyaya kunaunguza dayodi zake (vipande vinavyopitisha umeme upande mmoja tu) papo hapo. Piga picha na simu kabla hujalegeza nati hata moja.

Nafasi ya kwanza: betri moja ya volti 12, kubwa kadiri trei inavyoruhusu

Kwa matrekta mengi ya dizeli yaliyobaki mashambani kwetu, jibu ni hili. MF 135, 165, 265, 275, 290, Ford 5000, Fordson Major ya dizeli, zote ni za volti 12. Tofauti iko kwenye ukubwa, na dukani ukubwa unasomwa kwa namba: N70, N100, N120, N150. Namba hiyo ni uwezo wake kwa ampea-saa, yaani kiasi cha umeme inachohifadhi, kwa hiyo N100 ni ampea-saa 100.

Kwa 135 mimi naweka N100. N70 inaiwasha vizuri mchana wa jua, ila alfajiri ya Karatu, au Njombe mwezi wa Julai, mafuta ya injini yakiwa mazito kama asali, N70 inazunguka mara mbili tatu na kuanza kulegea. Kumbuka pia dizeli hizi za Perkins zina kipasha moto kwenye njia ya hewa, unakishikilia kwa ufunguo sekunde 15 hadi 20 kabla ya kuzungusha. Sekunde hizo zinakula umeme wa betri hiyo hiyo. Ford 5000 na Massey za silinda nne nazipeleka N120.

Pima trei kabla ya kwenda mjini. N100 ina urefu wa sentimita 41 hivi, N120 inafika sentimita 50. Nimeona N120 imefungwa kwa mpira wa baiskeli kwenye trei ya N100, nusu inaning'inia. Kwenye matuta, sahani za ndani zinapasuka na betri inakufa ikiwa bado mpya. Ni afadhali N100 iliyobanwa na chuma chake kuliko N120 inayorukaruka.

Nafasi ya pili: mbili za volti 6 kwenye trekta ya volti 12

Wenye Ursus C-330 na C-360 za Poland wanaijua hii. Kiwanda kiliweka betri mbili za volti 6 zilizofuatana, jumla 12. Mpangilio ni mzuri na ulikuwa na nguvu ya kutosha. Tatizo ni kupata betri kubwa za volti 6 leo, na ukizipata, mara nyingi zimekaa rafuni muda mrefu zikisubiri mteja.

Kama zako bado nzima, endelea nazo. Moja ikifa, usinunue moja. Mpya ikifungwa pamoja na mzee, mzee anaishiwa mapema kila asubuhi na chaji haigawanyiki sawasawa, mpya nayo inachoka kabla ya wakati. Nunua mbili pamoja, za aina moja, au weka moja kubwa ya volti 12 mahali pa zote mbili. Starta haitajua tofauti. Mimi ningechukua njia hiyo ya mwisho bila kusita.

Nafasi ya tatu: volti 6 ibaki volti 6

Hapa tunazungumzia matrekta ya petroli ya zamani sana, kama baadhi ya Ferguson TE20 za mwanzo, ile ndogo ya kijivu iliyotengenezwa kati ya 1946 na 1956. Injini ni nyepesi na volti 6 inatosha kuizungusha. Wengi huilaumu betri, kumbe kosa ni nyaya.

Hesabu yake ni hii. Ili kupata nguvu ile ile, volti 6 inahitaji umeme mara mbili upite kwenye waya. Kutu kidogo kwenye kichwa cha betri ikipoteza volti 1, trekta ya volti 12 inabaki na 11 na inawaka. Ya volti 6 inabaki na 5, na starta inaanza kuburuza miguu. Mtu anakwenda dukani ananunua waya wa gari dogo, mwembamba, kisha analalamika kwamba volti 6 ni dhaifu. Nunua waya mnene kuliko ule wa volti 12, sugua chuma cha bodi mpaka king'ae, halafu ndipo uihukumu betri.

Kubadilisha trekta kama hiyo iwe ya volti 12 kunawezekana, na kama betri ya volti 6 haipatikani kabisa kwako, fanya. Ila bei yake si ya betri peke yake. Koili ya petroli ibadilishwe au iongezewe rezista, la sivyo itaungua. Balbu zote, dainamo iende na altaneta ije, na mita za umeme ziangaliwe. Starta ya volti 6 inaweza kubaki, mradi uzungushe kwa muda mfupi na kuiachia ipoe.

Nafasi ya nne: volti 24, kwa aliyezaliwa nayo tu

Yako matrekta ya volti 24 halisi. John Deere 3020 na 4020 za dizeli za miaka ya 1960 zilikuja na betri mbili za volti 12 zilizofuatana, bodi limeshikwa katikati yao, starta inakula 24 na taa zinakula 12. Ukiwa nayo, nunua betri mbili pacha na usiruhusu mtu achukue umeme wa redio kwenye betri moja peke yake, kwa sababu zitaacha kulingana.

Kwa trekta ya volti 12, volti 24 haina nafasi, hata kwa sekunde tano. Nimeshaeleza ilivyotugharimu.

Na betri ya sola je? Mashambani wengi wanayo nyumbani na inatamanisha kuihamishia kwenye trekta. Sahani zake ni nene na chache, zimetengenezwa kutoa umeme kidogo kidogo usiku kucha. Starta inataka umeme mwingi kwa sekunde chache, kazi ya sahani nyembamba na nyingi. Iache iwashe taa za nyumba.

Ukiwa dukani

Omba mita ya volti. Betri nzima ya volti 12 iliyotulia inasoma 12.6 hadi 12.7. Ikisoma 12.2 imebaki nusu, na 11.8 maana yake imekwisha, hata kama nailoni bado iko juu yake. Kwa volti 6 tafuta 6.3. Tazama tarehe ya kutengenezwa. Betri yenye asidi iliyokaa bila kuchajiwa inajenga ukoko mweupe kwenye sahani, na ukoko huo ukishakauka hautoki wote. Mimi sichukui iliyopita miezi sita rafuni. Kama inauzwa kavu na asidi pembeni, jaza, iache itulie nusu saa, kisha ichaji kabla ya kuifunga. Baada ya hapo kazi yako ni kuongeza maji ya betri tu, si asidi.

Wakati wa kufunga, upande wa bodi unatoka wa kwanza na kurudi wa mwisho. Spana ikigusa chuma wakati upande wa bodi bado umefungwa, cheche inaweza kulipua gesi ya betri usoni mwako.

Kisha weka mita kwenye vichwa vya betri, mwambie mtu azungushe starta. Volti 12 isishuke chini ya 9.6. Ikishuka wakati betri ni mpya, tafuta waya mbovu au starta iliyochoka. Injini ikishawaka, altaneta ilete 13.8 hadi 14.4. Dainamo haichaji injini ikiwa polepole, kwa hiyo kanyaga mafuta kidogo kabla hujaihukumu.

Ya mjomba sasa ina N100, waya mpya wa bodi wenye unene wa kidole, na kipande kile cheupe cha chuma tulichokisugua kwa msasa na kukipaka grisi. Jumamosi iliyopita, saa kumi na mbili asubuhi, ukungu bado umekaa juu ya mbaazi, nilishika mita yeye akazungusha ufunguo. Ilisoma 10.4, na injini ikashika mzunguko wa pili.