Faksi ya mtandaoni: waliniandikia imefika, kumbe kilichofika ni ukurasa mweusi

Huduma hii ya kutuma faksi kwa kompyuta imemkosesha mjomba wangu pensheni, na mpaka naandika hapa hakuna aliyeomba radhi. Naanza na hilo kwa sababu ukifungua tovuti yao utakutana na sifa tupu: rahisi, haraka, salama. Haraka ni kweli. Hizo nyingine nisikilize kwanza.

Mjomba anakaa Mikindani. Ujana wake wote uliishia baharini, kwenye meli za mizigo za Wajerumani, na pensheni yake inatoka huko mpaka leo. Sharti lao ni kwamba kila mwaka ajaze hati ya kuthibitisha kuwa yu hai, isainiwe na kugongwa mhuri na mtu mwenye mamlaka, kisha irudi kwao kabla ya tarehe waliyoweka. Irudi kwa posta au kwa faksi. Barua pepe hawaitaki. Ofisini watu walishangaa kusikia bado kuna wanaodai faksi, lakini Ujerumani faksi imegoma kufa, na Japani vilevile. Wanaiamini karatasi yenye saini iliyopita kwenye laini ya simu kuliko kiambatisho cha barua pepe. Mimi sina ugomvi na hilo, pesa ni wao wanaotoa. Shida ni kwamba safari hii hati yenyewe ilichelewa kufika Mtwara, na kwa posta isingewahi kurudi. Ikabaki faksi.

Sasa itafute hiyo faksi Mtwara mjini! Steshenari niliyoizoea mashine wanayo, imefunikwa kitambaa, laini ya simu ya mezani ilishakatwa siku nyingi. Nyingine walinitazama tu. Namba za simu za mezani, zile za 023, bado zimeandikwa kwenye vibao vya maduka, ukipiga hakuna kitu. Nikarudi kwenye kompyuta yangu ya kazini, hapa Shangani, nikakuta kuna programu ya faksi iliyokuja na Windows yenyewe. Nikafurahi bure. Programu ile inataka modemu ya faksi, yaani kifaa cha kuunganisha kompyuta na laini ya simu, na waya wa simu ya mezani uchomekwe kwenye mashine, na kompyuta ninayotumia haina hata tundu la waya huo.

Ndipo nikaangukia kwa hawa wa mtandaoni. Unajisajili, unalipia kifurushi cha mwezi, wanakupa namba ya kupokelea (ya ng'ambo, ya kwetu hawana), halafu unapakia waraka wako na kuandika namba ya unakokwenda. Mitambo yao ndiyo inayopiga simu kule, inalia ule mlio wa faksi kwa niaba yako, inapeleka karatasi. Wazo zuri sana, sikatai. Maelekezo yao yanasema hata skana huhitaji: piga picha kwa simu, pakia, tuma.

Nikapiga picha. Kwenye skrini hati ilionekana safi kabisa, mhuri wa mtendaji wa kata wa zambarau, saini ya bluu, jina la mjomba herufi kwa herufi. Nikabonyeza. Baada ya muda ikaja barua pepe yenye alama ya kijani: waraka wako umefika. Nikampigia mzee.

"Shikamoo mjomba. Ile karatasi imekwenda."

"Marahaba mama. Alhamdulillahi. Mungu akuzidishie."

Zikapita wiki. Korosho zilikuwa zimeanza kuchanua, kila mtu anatafuta pesa ya salfa, dawa ya kupulizia mikorosho, naye mzee ana mashamba yake madogo. Akapanda daladala kuja benki, hakukuta kitu. Akaja tena, hakuna. Mara ya pili alipitia ofisini kwangu, akakaa kwenye benchi la wageni, kofia mkononi, akaniuliza taratibu: "Mama, hao Wajerumani wameshaniandika kuwa nimekufa?"

Nilikosa la kumjibu. Mtu wa umri ule, dawa zake za presha anazichukua kwa mkopo duka la dawa, anaulizia uhai wake kwa mpwa wake.

Jibu lilikuja kwa barua, na lilikuwa la adabu kuliko nilivyotarajia: ukurasa tulioupokea hausomeki, saini na mhuri havionekani, kwa hiyo malipo yamesimama mpaka hati sahihi ifike.

Haionekani vipi, wakati mimi nimeiona kwa macho yangu? Nikafanya jambo moja ambalo namshauri kila anayetumia huduma hii alifanye kabla hajatuma kitu cha maana. Nilikuwa na namba yao ya kupokelea. Nikaituma hati ileile, picha ileile, kwenda kwenye namba yangu mwenyewe. Iliporudi nikaifungua, na hapo mwili ulinisisimka. Nusu ya chini ya karatasi ilikuwa nyeusi tii kama sufuria ya kuni. Pale palipokuwa na kivuli chepesi cha mkono wangu wakati wa kupiga picha, kivuli ambacho jicho halikijali, pamekuwa giza. Mhuri umesambaratika kuwa vumbi la nukta. Saini haipo kabisa. Hicho ndicho walichokipokea Ujerumani, na hicho ndicho kilichowekewa alama ya kijani.

Nilikaa nikasoma mpaka nikaelewa. Faksi haijui rangi, wala haijui kijivu. Kila nukta ni nyeusi au nyeupe, basi. Utaratibu wa hizi faksi za kawaida uliwekwa mwaka 1980 na umebaki karibu vilevile: nukta 200 hivi kwa inchi kwa upana, na kwenda chini mistari 100 hivi kwa inchi, labda uchague ubora wa juu ndipo mistari iwe mara mbili. Kwa hiyo picha ya rangi lazima ivunjwevunjwe iwe nyeusi na nyeupe kabla ya kwenda, na anayeivunja ni mtambo wao. Wino wa zambarau uliofifia unaweza kuangukia upande wa nyeupe ukapotea. Kivuli kinaweza kuangukia upande wa nyeusi kikameza maandishi. Na ile taarifa ya kufika maana yake ni kwamba mashine ya kule imejibu mwishoni mwa ukurasa kuwa imepokea. Mashine haisomi. Ukiitumia giza, itajibu imepokea giza, salama.

Kufikia hapo hasira yangu ilikuwa imeanza kupoa, maana nilijiambia ndiyo teknolojia yenyewe ilivyo, wao wafanyeje. Nikafungua taarifa ya malipo. Waraka wa ukurasa mmoja umehesabiwa kurasa tatu! Ukurasa uliojaa nukta unabanwa kwa shida, kwa hiyo unachukua dakika nyingi kupita kwenye laini, na wao kila dakika inayozidi wanaihesabu kama ukurasa mwingine. Yaani mtambo wao umeiharibu hati, uharibifu ukaifanya iwe nzito, halafu wakanitoza uzito huo. Hasira ikarudi yote.

Nikawaandikia huduma kwa wateja. Nikaambatanisha vitu vyote viwili, picha niliyopakia na ukurasa mweusi uliorudi kwenye namba yao wenyewe. Nikaeleza kwa utulivu kwamba huyu ni mzee, pensheni imekatwa, naomba mambo mawili tu: nirudishiwe zile kurasa za ziada, na waweke sehemu ya kumwonyesha mteja jinsi karatasi itakavyoonekana ikishageuzwa, kabla hajabonyeza kutuma. Akajibu mtu mwenye jina moja, haraka mno kwa mtu aliyefungua viambatisho. Kwamba kumbukumbu zao zinaonyesha waraka ulifika. Kwamba kama mpokeaji ana tatizo la kusoma, niwasiliane na mpokeaji. Nikamwandikia tena: ndugu, ukurasa mweusi umefika kwenye namba YENU, ufungue uutazame. Jibu: "Faksi yako imefika. Suala hili tumelifunga."

Hakunisalimia mwanzo wala hakuniaga mwisho. Nimefanya kazi ya mapokezi miaka mingi, najua mteja msumbufu anavyochosha, na hata huyo huwezi kumfungia mlango mdomo ukiwa haujafunga sentensi. Hili ndilo lililonikaa rohoni kuliko pesa. Walikuwa na ushahidi mezani kwao na hawakutaka kuutupia jicho.

Basi nikalimaliza mwenyewe. Mjomba alirudi kwa mtendaji, safari hii tukaomba mhuri ugongwe kwa wino mweusi uliokolea na saini iwekwe kwa kalamu nyeusi, na yule mtendaji, Mungu ambariki, alitusikiliza bila kuuliza mara mbili. Nikailaza hati kwenye skana ya ofisi, siyo simu, nikachagua nyeusi na nyeupe toka mwanzo na kuhifadhi kwa PDF. Kwenye tovuti nikachagua ubora wa juu, chaguo ambalo wamelificha ndani ya mipangilio ambako hakuna mtu anayefika. Nikatuma kwanza kwenye namba yangu. Ikarudi safi, mhuri unasomeka mpaka jina la kata. Ndipo nikaituma Ujerumani.

Na hapa lazima niwape haki yao, hata kama mkono unakataa kuandika. Jibu la kule lilikuja kwa faksi, usiku, umeme umekatika mtaa mzima, niko nyumbani na simu yenye chaji kidogo. Faksi ikaingia kwenye barua pepe yangu kama PDF, nikaifungua gizani nikasoma kwamba hati imepokelewa, malipo yanaendelea pamoja na malimbikizo. Ingekuwa mashine ya kawaida ofisini, ingekuwa imezimika, au karatasi zimeisha, au imenata kwa unyevu wa huku kwetu pwani. Upande wa kupokea huduma hii ni nzuri. Ni nzuri sana, naisema wazi. Nilimpigia mjomba usiku uleule, akacheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu masika. Kwa dakika chache nilitaka kuwapa nyota nne.

Halafu asubuhi nikaikuta barua yao ya kawaida ya mwisho wa mwezi, wananishukuru kwa kuwa mteja na kunikumbusha kwamba kadi yangu itakatwa tena. Imeorodhesha faksi zangu zote, na ile nyeusi imo, alama yake ya kijani ipo palepale.

Nyota mbili. Moja ya kupokea, nyingine ni ya usiku ule wa mjomba, na hii ya pili nasita kuwaachia kwa sababu aliyeikomboa hati ni mtendaji wa kata na skana ya kazini kwangu. Kama kazi yako ni kupokea tu, jisajili. Kama unatuma mhuri, saini, cheti, kitu chochote ambacho maisha ya mtu yamening'inia hapo, jitumie kwanza wewe mwenyewe uone kinavyotoka, tena kwenye karatasi nyeusi na nyeupe, na ile alama ya kijani usiihesabu. Zile kurasa mbili za ziada bado nazidai. Kadi nimeshaitoa kwenye akaunti yao, na nimewaandikia sababu, pamoja na ule ukurasa mweusi, kwa faksi, kwenye namba ya ofisi yao.